Msimu Ambao Kocha Marvene Alifunga Mdomo

Mke wangu Lorene ana dada mmoja tu, Marvene, na huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake. Naanza kwa kusema wazi kwamba najivunia kuwa shemeji yake. Mwenye kutaka maneno mabaya juu yake atayapata kwingine. Mji wetu wa Tilden Fork ni mdogo, na mji mdogo haukosi wenye midomo.

Marvene alikuwa mgawa barua. Kwa miaka zaidi ya thelathini alizunguka mji na mashamba ya ngano ya upande wa kaskazini, jua kali na theluji, na sijasikia mtu aliyeletewa barua ya jirani yake. Ni mwanamke mrefu, mabega mapana, mwendo wa haraka. Sauti yake ndiyo ilikuwa habari nyingine kabisa. Akisema "Kaa!" pale mtaa wa Walnut, mbwa watatu wa nyumba tatu walikaa kwa pamoja.

Sauti aliirithi kwa baba yake, mzee Alvin, pamoja na besiboli, ule mchezo wa gongo, mpira na vituo vya kukimbilia. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, naye hakutaka ujuzi wake ufe, basi akamshika binti yake mkubwa. Kila alasiri kabla ya kukamua ng'ombe alimpeleka nyuma ya ghala na kumfundisha kurusha, mipira mia mbili kwa siku, na kila mpira ulikuja na maneno yake: kiwiko juu, macho mbele, goti, goti, nimesema goti! Marvene alipofika chuoni bega likagoma. Daktari alimwambia kwamba ana miaka kumi na tisa lakini bega lake ni la mkulima wa hamsini. Akarudi nyumbani, akaolewa na Ardell, mtu mpole aliyefanya kazi kwenye ghala kuu la nafaka, wakapata mtoto mmoja, Garrick.

Garrick alipofika umri wa kuanza kucheza, timu ya watoto ya mji, Panzi wa Tilden Fork, haikuwa na kocha. Marvene akaichukua, na mimi akaniteua msaidizi wake.

"Shemeji," aliniambia, "kazi yako ni mbili. Kubeba mipira na kukubaliana na mimi."

"Na nikiona umekosea?"

"Beba mipira."

Nilibeba. Na lazima niseme kweli, tulishinda. Watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili, wavulana na wasichana wachache, wakawa wanapangika uwanjani kama askari wa gwaride. Marvene alikuwa na ishara kumi na saba. Akigusa pua, mrushaji arushe chini. Akivuta sikio, aliye kituo cha kwanza akimbie cha pili. Kabla ya kila mpira watoto wote tisa waligeuza shingo kumtazama. Siku moja nzi alitua sikioni mwake, akamkung'uta, na mtoto mmoja akachomoka mbio kituoni kwenda kutolewa nje bila sababu yoyote duniani. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Sikujiuliza kwa nini mtoto mwenye akili timamu alikimbia huku akiona wazi kwamba mpira uko mkononi mwa adui.

Marvene hakuwa peke yake. Wazazi nao walikuwa wamejaa kwenye wavu nyuma ya mpigaji, kila mmoja na somo lake. Aliyezidi wote ni Royce Haverkamp, muuza matrekta, baba wa mrushaji wetu Tate. Royce alinunua kamera ya video, akawa anampiga picha mwanawe kila mechi, kisha wanakaa jikoni kutazama upya mkono ulivyokwenda. Mama mmoja alimfundisha binti yake kupumua. Babu wa mtoto mwingine alikuja na fimbo, akiichomeka ardhini kuonyesha mguu ukae wapi. Nilihesabu siku moja: mtoto mmoja akisubiri kupiga mpira, watu wazima kumi na mmoja wakimfundisha kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa wa kumi na moja.

*

Mwezi wa Julai, mwaka wa tisini na tano, tulicheza fainali ya wilaya. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, ngwe ya mwisho. Wapinzani walikuwa na wakimbiaji wawili, mmoja kituo cha pili na mwingine cha tatu, na yule wa tatu akifika nyumbani tu, pale penye bamba jeupe, ni pointi ya kusawazisha. Garrick, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, alilinda kituo cha tatu.

Mpigaji wao akaugusa mpira vibaya, ukaja ukitambaa kwenye majani polepole, kuelekea kwa Garrick. Akaukimbilia, akauokota vizuri kabisa. Hapo ikawa kama mtu amefungua kreti la kuku.

"Nyumbani! Rusha nyumbani!" Marvene.

"Kituo cha kwanza! Cha kwanza, mtoto!" Royce.

"Shikilia mpira!" Huyo nilikuwa mimi. Mungu anisamehe.

Garrick alisimama na mpira mkononi. Hakutazama mkimbiaji aliyempita hatua tano tu. Alimtazama mama yake kwenye benchi, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri tafsiri. Aliporusha hatimaye alirusha ovyo, mpira ukapita juu ya kichwa cha mdakaji, wakimbiaji wote wawili wakaingia, mechi ikaisha.

Kupoteza mechi si msiba. Kilichofuata kwenye gari ndicho kilichomchoma Marvene, na alikuja kunisimulia mwenyewe baadaye, jikoni kwetu, huku Lorene akijifanya anaosha vyombo.

Anasema alianza kueleza kabla hata hawajatoka uwanjani. Mkimbiaji alikuwa hapa, mguu wako ulitakiwa pale, ungeangalia hivi. Garrick akamwacha amalize. Kisha akasema, "Mama, nilikuwa nasikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Nilikuwa nasikiliza wewe useme nini. Nikishika mpira siwazi kitu. Nakusikia wewe tu. Hata ukinyamaza, nakusikia."

Walipofika nyumbani aliivua glavu, akaiweka mezani karibu na chupa ya chumvi, akasema hatacheza tena. Hakulia. Marvene alisema afadhali angelia.

"Atarudi," nilimwambia.

"Hapana, Leland," alijibu. Mara chache sana aliniita kwa jina. "Nimemwona uso. Ule ulikuwa uso wangu, nilipotoka kwa daktari wa bega. Niliambiwa sitacheza tena maisha yangu yote, na unajua nilihisi nini? Nafuu. Sijawahi kumwambia mtu. Nilihisi nafuu."

*

Wiki tatu baadaye alikuwa kwenye kazi yake ya barua, saa sita mchana, jua la Agosti linaunguza lami. Alipopita nyuma ya kanisa la Kilutheri, penye kiwanja kitupu chenye magugu, alisikia kelele za watoto. Akapunguza mwendo.

Walikuwa saba au wanane. Mpira wa tenisi uliokwisha manyoya, gongo lililofungwa kwa utepe, vituo vya maboksi ya kartoni. Nusu ya Panzi walikuwa pale, na kati yao alikuwemo Garrick. Walikuwa wanabishana kama mpira ukigonga kengele ya kanisa ni pointi mbili au tatu. Ubishi ulichukua muda mrefu, ukaamuliwa kwa mchezo wa mkasi, jiwe na karatasi, wakaendelea.

Marvene alizima injini.

Mpira ukapigwa kwa kasi upande wa kushoto. Garrick akajitupa kifudifudi, akaudaka kwa mkono mtupu, akainuka kwa goti moja na kuurusha papo hapo bila kumtazama mtu, moja kwa moja hadi kituo cha kwanza. Wenzake wakapiga mayowe. Naye akacheka, akajipangusa vumbi mdomoni, akarudi kwenye nafasi yake akicheza-cheza mabega.

Mrusho ule wa goti moja Marvene alikuwa amemfundisha kwa miaka miwili. Jumanne na Alhamisi, miaka miwili mizima, na Garrick hakuwahi kuupata hata mara moja.

"Nilikaa pale dakika ishirini," aliniambia. "Barua za watu zinapikika kwenye jua. Nilikuwa na raha, shemeji, raha ya ajabu. Halafu wakaniona."

"Wakafanya nini?"

"Wakasimama wima. Wote. Yule mdogo, Neva, akavua kofia na kushusha gongo. Kana kwamba wamekamatwa wanaiba. Sikusema neno hata moja, Leland. Nilikuwa nimekaa tu kwenye gari."

Akawapungia mkono, akawasha gari, akaondoka. Anasema alipofika shamba la akina Toews alishindwa kusoma majina kwenye bahasha, ikabidi asimame kando ya barabara mpaka macho yakauke. Siku hiyo barua za kaskazini zilichelewa kwa saa nzima, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

*

Kuona kosa lako ni jambo moja. Kusimama mbele ya mji mzima na kulitaja ni jingine, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mwezi wa Machi wazazi waliitwa kwenye ukumbi wa zimamoto kwa mkutano wa msimu mpya. Kulikuwa na kahawa na ile mikate ya kwetu iliyojazwa kabichi na nyama. Marvene akasimama. Alikuwa ameandika kwenye karatasi ndogo, lakini hakuitazama.

"Msimu huu mambo ni haya," alisema. "Mazoezini nitafundisha nusu saa. Baada ya hapo watoto wanacheza wenyewe, wanagawana timu wenyewe, wanaamua ugomvi wao wenyewe. Siku ya mechi mimi na shemeji tutakaa juu ya ndoo zetu za mipira na hatutasema kitu mpira ukiwa unachezwa. Hakuna ishara. Wazazi watakaa mbali, upande ule wa nyuma ya uwanja. Makofi ruksa. Maneno hapana."

Royce akacheka kwa sauti.

"Marvene, hao ni watoto, si ng'ombe. Ng'ombe ukimwachia anarudi zizini mwenyewe."

"Watoto nao wanarudi, Royce. Tatizo ni kwamba wangu hakurudi."

Watu wakainamisha vichwa. Kila mtu alijua Garrick ameacha, ila hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake.

Royce hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alimpenda mwanawe kuliko macho yake. Akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini bila kuelekezwa watajifunza nini? Samaki mkunje angali mbichi."

"Ukimkunja-kunja kutwa nzima anakuozea mkononi," alisema Marvene. "Nimekunjwa mimi. Nimemkunja mwanangu. Yatosha."

"Tutapoteza mechi zote!"

"Huenda."

"Na wewe hujali?"

"Najali kupita kiasi. Ndiyo maana nitakaa kwenye ndoo."

Wakapiga kura ya mikono. Alipita kwa tofauti ya mikono miwili. Royce na wazazi wengine watatu waliwatoa watoto wao siku hiyohiyo, wakaunda timu yao kwenye mji wa jirani, Royce mwenyewe akiwa kocha. Sisi tukabaki na watoto kumi, na besiboli inataka tisa uwanjani. Mmoja akiugua mafua bado tunacheza. Wakiugua wawili, kwaheri.

*

Mechi ya kwanza tulifungwa kumi na nne kwa mbili.

Sitaipamba. Ilikuwa aibu. Mpira uliruka juu angani, watoto watatu wakaukimbilia, na wakiwa wamezoea kuambiwa ni wa nani, wote watatu wakasimama kungoja sauti. Mpira ukaanguka katikati yao kama embe bovu. Wakageuka kutazama benchi. Marvene alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake. Kwa mkono wa pili alikuwa amenifinya paja, na ninakuhakikishia mkono uliobeba mifuko ya barua miaka yote ile unajua kufinya. Lorene aliniuliza jioni ile alama ya bluu imetoka wapi.

"Kwa dada yako," nilisema. "Analea vipaji."

Tukafungwa ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne mdakaji wetu Neva Toews, yule mdogo wa kiwanja cha kanisa, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye meno yenye mapengo, alichoka. Baada ya mpira mwingine kuanguka katikati ya watu alivua kinyago chake cha chuma, akaenda mpaka katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Hivi nyie mnamngoja nani?" aliwauliza. "Hakuna anayekuja! Kocha hasemi! Mpira ukiwa wako, sema wangu. Mbona kanisani mnajua kupiga kelele?"

"Na wewe nani amekufanya bosi?" akauliza mtoto wa kituo cha pili.

"Mimi ndiye ninayewaona wote. Nyie mnaona migongo tu. Unataka kudaka wewe? Haya, vaa hiki kinyago kinanuka."

Hakukitaka. Mwamuzi, mzee wa makamo, alikuwa anacheka ndani ya kola yake. Mpira uliofuata ulipopaa juu, mtoto mmoja alipayuka "Wangu!" kwa sauti ya kuvunja kioo, wenzake wakakaa pembeni, akaudaka. Nilimwangalia Marvene. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mdomo bado umefungwa kwa kofia.

Siku ile tulifungwa pia, lakini kwa pointi moja tu.

Kuanzia hapo ilikuwa raha kukaa kwenye ndoo. Watoto walianza kuzungumza. Walipangana, wakataniana, wakabadilishana nafasi bila kutuuliza. Mtoto aliyekuwa mzito wa kukimbia walimweka kituo cha kwanza kwa sababu hakuna mpira uliompita, jambo ambalo mimi na Marvene hatukuwahi kuliwaza kwa misimu mitatu. Ilipofika mavuno ya ngano, wazazi wengi wakiwa kwenye mashine tangu asubuhi hadi giza, kuna mechi moja watoto walikuja uwanjani kwa baiskeli zao, kumi wote, na maji yao, na orodha ya nani apige wa kwanza wameiandika wenyewe kwenye ganda la boksi la nafaka za asubuhi. Tulishinda ile.

Mwisho wa Juni tukakutana na timu ya Royce.

Royce alikuwa na kila kitu. Sare mpya, kamera juu ya miguu mitatu, na ishara zaidi ya kumi na saba, nadhani. Alipaza sauti toka mwanzo. Tate alirusha mipira ya nguvu, lakini nilimwona kila baada ya mrusho akikishika kiwiko kwa siri na kukikunja-kunja. Marvene alimwona pia. Mwisho wa ngwe ya nne aliinuka, akavuka uwanja mpaka kwa Royce. Nilimfuata nikidhani patazuka ugomvi.

"Royce, mkono wa mtoto unauma."

"Hajaniambia."

"Hatakuambia. Mimi sikumwambia baba yangu. Mwangalie tu, usimuulize."

Royce akageuka kumtazama mwanawe. Tate alikuwa anakunywa maji kwa mkono wa kushoto. Ni mtoto anayetumia mkono wa kulia. Ngwe iliyofuata Royce alimtoa, akamweka mtoto mwingine arushe.

Tukaingia ngwe ya mwisho tukiwa mbele kwa moja. Wakiwa wamebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa nje, wakapata mkimbiaji kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani. Kijana mwepesi, akipata nafasi yoyote anasawazisha. Kila baada ya mpira alisogea mbali na kituo, akageuza uso kumtazama Royce apate maagizo. Sisi watu wazima hatukuliona hilo. Neva aliliona. Akamtazama mlinzi wetu wa kituo cha tatu, akakuna kidevu cha kinyago chake mara moja, na mlinzi akakuna pua. Mpira uliofuata ukaja, mpigaji akaukosa, Neva akaudaka, na kabla hata hajainuka vizuri akaufyatua kuelekea kituo cha tatu. Mkimbiaji alikuwa amegeuka anasoma vidole vya Royce. Alipoguswa mgongoni na glavu yenye mpira aliruka kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Nje!" akapaza mwamuzi.

Mechi ikaisha. Wale watoto kumi walirundikana juu ya Neva mpaka hakuonekana ila soksi moja. Nyuma kabisa ya uwanja, mahali tulipowaweka, wazazi walipiga makofi mpaka wengine wakavua kofia na kuzipiga mapajani. Neno hata moja hawakusema. Sijawahi kusikia makofi matamu kama yale.

Marvene akauliza, "Ile mbinu walifundishwa na nani?"

"Si mimi," nilisema. "Mimi nabeba mipira."

*

Hatukuchukua kombe. Tulimaliza wa nne kati ya timu saba. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nianze kukaa benchi lile, hakuna mtoto hata mmoja aliyeacha kabla msimu haujaisha, na masika yaliyofuata walijiandikisha ishirini na wanane, tukalazimika kuunda timu ya pili. Tate alikuwa miongoni mwao. Daktari alikuwa amemkataza kurusha kwa mwaka mzima, akaja kucheza kituo cha pili tu. Royce alimleta mwenyewe, akasimama mbele ya Marvene akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Nimekuja unifundishe," alisema.

"Kufundisha nini?"

"Kunyamaza. Mke wangu anasema haiwezekani, lakini nijaribu."

Marvene akampa ndoo. Msimu mzima Royce alikaa katikati yetu akitafuna mbegu za alizeti, na alipozidiwa alikwenda kuzunguka maegesho ya magari peke yake, tukimsikia akiyafokea matairi. Kamera aliipa shule.

Marvene aliendelea miaka mingine kumi. Makocha wa miji ya jirani walikuja kutazama, wengine kwa kejeli, wengine na daftari. Neva alikuja kuwa kocha wa timu ya shule ya sekondari huko magharibi mwa jimbo, na nasikia ana ndoo yake.

Garrick hakurudi. Watu hupenda nikisema alirudi, lakini hakurudi. Alicheza kwenye kiwanja cha kanisa na wenzake mpaka wakaota ndevu, ila sare hakuivaa tena. Majira yale ya joto aliyoacha glavu mezani alianza kufuga kondoo kwa ajili ya maonyesho ya wilaya. Mama yake hakujua lolote kuhusu kondoo, na nadhani Garrick ndiyo maana aliwachagua.

Agosti ya msimu ule wa kunyamaza tulikwenda wote kumwona akimwonyesha kondoo wake. Marvene alikaa safu ya mbele ameikalia mikono yake. Kondoo alikuwa mkaidi, akazunguka kinyume, akamkanyaga Garrick mguuni, na mimi nilimwona shemeji akibadilika rangi kwa maneno aliyoyameza. Garrick alimtuliza kondoo kwa kumkuna chini ya kidevu, akamsimamisha vizuri, akapata nafasi ya tatu.

Alitoka na utepe wake, jasho linamtiririka, akaja mpaka kwa mama yake.

"Kondoo mzuri," alisema Marvene.

"Ndiyo hayo tu?"

"Mzuri sana."

Garrick akaanza kucheka. "Ongea basi, mama, kabla hujapasuka. Nimekuruhusu."

Akaongea. Akaongea kutoka pale kwenye mabanda mpaka kwenye gari, miguu ya kondoo, kichwa cha kondoo, kwato za kondoo, mambo ambayo hakuyajua hata moja, na Garrick akitembea kando yake, mkono begani kwa mama yake, akimsahihisha.